Ukurasa wa Mkuki

Nilikwenda kumzika Elibariki nikiwa na ukurasa wake ndani ya mkoba. Nasema mapema ili asitokee wa kunisifu: sikwenda kulia. Gidahoda, ambaye tulisoma naye wote wawili, alinipigia simu asubuhi nikiwa naanika maharage uani kwangu, kijijini Daudi, akasema, "Pole, Paskalina. Elibariki ametutoka." Neno la kwanza lililonitoka mdomoni lilikuwa, "Wanazika lini?" Akajibu, "Ijumaa, kwake Hirbadaw. Kumbe bado una roho ile ile?" Nikamwambia ninayo, na sina nyingine. Wahenga walisema ya kale hayanuki. Hao wahenga hawakusoma na Elibariki. Nikaingia ndani, nikavuta sanduku, nikatoa bahasha ya cheti changu cha ukunga, na nyuma ya cheti ulikuwepo, umekunjwa mara nne, karatasi yenyewe imegeuka rangi kama chai ya rangi. Ukurasa huo nilihama nao vituo vya kazi vyote. Nimezalisha wanawake wa wilaya mbili nikiwa nao sandukuni, na hakuna mwaka uliopita bila kuufungua na kuuangalia, na roho yangu kuburudika.

Habari za wazazi wangu na shamba letu nitazieleza mahali pengine, au nisizieleze kabisa. Hapa nataka mwaka mmoja tu, mwaka wa kidato cha tatu, katika shule ya bweni huku huku milimani, ambako ukungu ulikuwa unaingia darasani bila kubisha hodi na tulikuwa tunavaa sweta mbili, ya juu ikiwa na matobo mahali tofauti na ya chini. Siku za juma tulikula makande. Jumapili tulikula ugali na nyama, vipande viwili, na kimoja kilikuwa mfupa. Jumamosi mchana, baada ya kufua, watu sita tulikusanyika stoo ya kilimo, tukakaa juu ya magunia ya mahindi katikati ya majembe na harufu ya dawa ya mende, tukacheza mchezo wa Mwalimu Hamza. Mwalimu Hamza alikuwa mtu wa Pangani, alipangiwa kwetu kufundisha hesabu, na baridi ilimtesa mpaka akawa anafundisha na blanketi mabegani. Mchezo aliachiwa na Mzungu mmoja wa kujitolea aliyerudi kwao: boksi, kitabu kikubwa cha Kiingereza, na dadu za ajabu zenye pande nyingi. Dadu ya pande ishirini ilikuwa imepotea zamani. Sisi tulichukua punje ishirini za mahindi, tukaziandika namba kwa kalamu, tukazitia kwenye soksi, na kila mtu akawa anachota punje yake humo.

Haukuwa mchezo wa ubao. Kila mchezaji alikuwa na mtu wake kwenye karatasi: jina lake, nguvu zake, anachojua na asichojua. Mmoja anakuwa msimulizi. Anawaambia mmefika pangoni, ndani kuna mnyama, mnafanyaje? Wewe unasema mtu wako anafanya nini, unaingiza mkono kwenye soksi, na punje ndiyo inayoamua: namba kubwa umeshinda, ndogo umeshindwa. Mtu wangu nilimwita Radi. Alikuwa mganga wa kike, na kwenye karatasi yake upande wa silaha paliandikwa: mwiko, kisu cha mboga. Mtu wa Gidahoda alikuwa na mkuki, kwa sababu Gidahoda mwenyewe alitoka Gendabi kwa wafugaji na mkuki aliujua kabla ya kalamu. Msimulizi alikuwa Elibariki, kiranja wetu. Mwalimu Hamza alimkabidhi kitabu Jumamosi zote kwa sababu moja tu: Elibariki alikuwa na Kiingereza. Sisi wengine tulikuwa tunakikariri, yeye alikuwa anakisema. Basi akawa ndiye kitabu. Ukibishana naye anainua kidole, anafunua, anagongagonga mstari kwa ukucha na kusema, "Kitabu kinasema." Na ukishaambiwa hivyo, utasema nini?

Kila mtu kwenye mchezo alianza na silaha chache anazozijua. Akishika asiyoijua, anapunguziwa namba kwenye punje, maana yake anarusha ovyo tu. Lakini akikua, akipanda ngazi, alikuwa na haki ya kujifunza silaha mpya, mradi ampate mwenzake anayeijua, amfundishe kwa majuma manne. Mwalimu Hamza alituongezea desturi yake mwenyewe. Alisema hataki watoto wanaoandika tu silaha kwenye karatasi kama orodha ya sokoni. Mwenye kutaka silaha mpya kwa mtu wake akatafute anayeijua kweli, aoneshwe inavyoshikwa, halafu aje aoneshe wenzake. Aliyetaka upinde alitumwa kwa mlinzi wa shule. Aliyetaka fimbo, huku kwetu, hakutumwa popote, maana nani asiyejua fimbo? Mimi nilitaka mkuki. Radi alipopanda ngazi nilimfuata Gidahoda jikoni akiosha sahani, nikamwambia, "Nifundishe." Akaniangalia juu mpaka chini. "Kwetu anayefundishwa analeta asali." Nikamwambia asali sina, nina nyama yangu ya Jumapili. Akafikiri. "Vipande vyote viwili?" Nikasema vyote.

Majuma manne sikuonja nyama. Nyuma ya jiko, kwenye migomba, Gidahoda alinishikisha mpini wa jembe uliochongwa ncha, akautemea mate kidogo kama wazee wao wanavyobariki, akaniambia kitu ambacho ninakikumbuka kuliko masomo yote ya mwaka ule: "Acha kurusha kwa mkono. Mkono ni wa mwisho. Mkuki unatoka mguuni." Nikajifunza kuweka mguu. Bega liliniuma mpaka nikawa nachana nywele kwa mkono wa kushoto. Wapishi walinicheka, mmoja akasema, "Huyu atamchoma mumewe." Jumamosi ya tano tulitoka wote sita kwenda kwenye migomba, nikaweka mguu, nikarusha, mpini ukazama kwenye mgomba ukabaki unatikisika. Wenzangu walipiga kelele! Elibariki akasema hilo hata yeye analiweza. Akarusha. Mpini ukapita pembeni, ukaangukia sufuria la uji, na wapishi wakamfukuza na mwiko. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nilicheka kuliko wote, sikatai.

Tuliporudi stoo, nikachukua kalamu niandike mkuki kwenye karatasi ya Radi. Elibariki akaweka kiganja chake juu ya karatasi. Masikio yake, makubwa yale, yalikuwa yamewaka.

"Ngoja kwanza," akasema. Akafunua kitabu. Akagonga mstari kwa ukucha. "Kitabu kinasema mtu mwanamke haruhusiwi mkuki. Anaruhusiwa silaha za nyumbani."

"Hujawahi kusema hivyo."

"Hujawahi kuuliza."

"Naomba nione mwenyewe."

Akakivuta kitabu kifuani, akakikumbatia. "Uone nini, Paskalina? Kiingereza chenyewe unapewa alama za huruma. Ukishika kitabu hiki utakishika juu chini."

Wenzangu wakacheka. Gidahoda hakucheka, lakini pia hakusema kitu, na hilo nimemwambia mara nyingi tangu wakati ule, naye hujibu kwamba alikuwa ameshakula nyama. Halafu Elibariki, ili kumaliza kabisa, akasimulia kwamba tumefika pango la simba, na wenzetu wamekubaliana mganga atangulie na mwiko wake. Nikachota punje. Ikatoka tatu. Radi akafa pale pale mlangoni, majuma manne ya nyama yangu yakafa naye. Elibariki akachukua karatasi ya Radi, akaikunja kama pembe, akamiminia karanga zake ndani, akawa anakula huku akiendelea kusimulia. Nilikaa pale mpaka mwisho. Sikutoka, sikulia. Nilikuwa nahesabu karanga anazokula, na nikala kiapo kwamba kila moja ataitapika.

Watu wanadhani hasira hupoa. Yangu niliitunza kama mtu anavyotunza moto wa jikoni, usiku unaufukia, asubuhi unaufukua. Siku ya Jumatatu nilikwenda kuomba kamusi. Nilijifunza maneno kumi kwa siku, nikiyaandika kwenye mkono chini ya sweta, na bwenini walisema nimechanganyikiwa kwa mitihani. Mwalimu wa Kiingereza alinisifu mbele ya darasa, akasema huyu msichana ana bidii. Bidii! Ilikuwa chuki tupu, jamani, chuki iliyoosha uso na kuchana nywele. Halafu nikaomba zamu ambayo hakuna aliyeitaka, kufagia ofisi ya walimu Ijumaa mchana, kwa sababu katikati ya juma kitabu kilikaa mle kabatini, na kabati halikuwa na kitasa. Nilifagia dakika tano, nikasoma nusu saa. Miezi mizima nilisoma hivyo, ukurasa kwa ukurasa, nimepiga magoti nyuma ya meza, ufagio umelala mapajani ili mtu akitokea nionekane nafagia. Nilisoma mambo ya milango, ya mienge, ya kamba. Na Ijumaa moja ya mwezi wa kumi nikafika kwenye ukurasa wa silaha.

Niliusoma mara tatu. Ulisema vile vile tulivyokuwa tunajua: ngazi, mwalimu, majuma manne. Habari ya mwanamke haikuwepo. Silaha za nyumbani hazikuwepo. Ila chini ya maandishi palikuwa na picha iliyochorwa kwa wino, na picha yenyewe ilikuwa ya mwanamke. Amesuka nywele, ameshika mkuki, mguu wa mbele umewekwa hasa kama Gidahoda alivyoniwekea wangu. Kwa hiyo siku ile Elibariki alipogonga mstari kwa ukucha, alikuwa anamwangalia mwanamke mwenye mkuki usoni. Hakukosea kusoma. Alitazama, akaona, akadanganya.

Ningeweza kungoja Jumamosi nikamwumbua. Nimeulizwa hivyo na mtu mmoja tu niliyewahi kumsimulia, marehemu mume wangu: kwa nini hukumwonesha mbele ya wenzake yakaisha? Ndilo kosa la njia hiyo, kwamba yangeisha. Angecheka, angesema samahani, wangempiga mabega, na Jumamosi ya pili angekuwa msimulizi vile vile. Kisasi cha dakika tano mimi cha nini? Tulijua Mwalimu Hamza amepata uhamisho, na kwamba siku ya kufunga shule atamkabidhi Elibariki boksi mbele ya wote liwe lake, kwa kulitunza vizuri. Elibariki alikuwa ameshawaandikia nyumbani. Nikalowesha kidole kwa mate, nikakipitisha kwenye mshono wa kitabu, juu mpaka chini, nikavuta taratibu. Ukatoka mzima. Nikauweka ndani ya sweta, ile ya chini, nikamalizia kufagia, na siku hiyo nilifagia vizuri hata chini ya makabati.

Siku ya kufunga tulisimama mstarini kwenye ukungu. Mwalimu Hamza, na blanketi lake, akatoa hotuba juu ya vitu vya watu na jinsi ya kuvitunza, akafungua kitabu atuoneshe kilivyo safi, na kikafunguka palipong'olewa, maana kitabu kilichong'olewa hufunguka hapo hapo. Akauliza nani. Elibariki akasema hajui. Mwalimu akasema, "Kitabu kilikuwa mikononi mwako." Akapigwa viboko vinne mbele ya shule nzima, akavuliwa ukiranja, na Mwalimu Hamza hakumpa hata mkono. Alimtupia boksi miguuni: "Umeshaliharibu, basi chukua." Elibariki alipokuwa anainama kuliokota aliniangalia. Machozi yalikuwa yanamtoka. Mimi nilisimama mstari wa pili, ukurasa ukinikwaruza tumboni, na nawaambieni, sijawahi kula sikukuu yoyote iliyonishibisha kama asubuhi ile. Mwosha huoshwa! Nilitaka kuipiga kelele hiyo methali.

Hiyo ndiyo furaha niliyoishi nayo miaka yote, na ndiyo niliyoibeba Ijumaa kwenda Hirbadaw. Nilitaka kumwangalia ndani ya jeneza, na mkoba wenye ukurasa ukiwa kwapani, nimwambie kimya kimya, ni mimi, na hukujua. Hicho ndicho kilichokuwa kimebaki: ajue. Nilimwangalia. Masikio yalikuwa yale yale. Nikamwambia. Hakuna kilichotokea, bila shaka, wakafunika, tukaimba, tukatupa udongo, tukarudi kwenye maturubai kula ugali. Mjane wake, Mama Neema, mwanamke mnene mpole ambaye sikuwahi kukutana naye, alipita kwenye mabenchi akiwasalimu wageni, akafika kwangu na Gidahoda.

"Huyu ndiye Paskalina," Gidahoda akamwambia.

Mama Neema akakaa. Akanishika mkono wote, mpaka kwenye kiwiko. "Wa Daudi? Umeuleta?"

"Nimeleta nini, dada?"

"Ukurasa."

Nikarudisha tonge la ugali kwenye sahani. Gidahoda akatazama sahani yake.

"Alikuona," Mama Neema akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za mvua. "Siku ile alipita ofisini, akachungulia dirishani akakuona unang'oa. Alinisimulia tulipooana. Kila mwaka alikuwa anasimulia."

"Aliniona? Sasa mbona hakunitaja? Alipigwa mbele ya watu!"

"Nami nilimwuliza. Alisema, ningemtaja, mwalimu angemwuliza kwa nini, naye angefichua uongo niliousema juu ya kitabu. Alisema afadhali viboko." Akanipigapiga mkono. "Alikuwa anakuogopa, dada. Lakini alikuwa anakungoja pia. Watoto wa hapa amewafundisha ule mchezo miaka mingi. Kila wakitaka silaha mpya anawaambia, sina ukurasa huo, uko kwa bibi mmoja wa Daudi, ipo siku ataleta."

Watu watasema hapo roho yangu ililainika. Wapi! Nilishikwa na hasira mpya, mbichi, ambayo sijawahi kuwa nayo hata stooni. Miaka yote nilidhani nimemchoma mkuki gizani, kumbe alikuwa amesimama anaangalia, amegeuza bega lake mwenyewe, ameupokea na kunyamaza. Mtu akipokea kisasi chako kwa kujua, kisasi gani hicho? Alikula karanga kwenye karatasi yangu, na kisasi hiki nacho akanilia. Nikasimama. Nikamwuliza Mama Neema, "Hao watoto wako wapi?"

Walikuwa nyuma ya nyumba, kwenye banda la kukobolea mahindi, watoto saba wameketi juu ya magunia. Waliniona wakainuka wote. "Shikamoo, bibi." "Marahaba." Katikati yao alikuwa msichana wa miaka kumi na minne hivi, mjukuu wa Elibariki, Neema mwenyewe akiwa ndiye mama yake. Sikuhitaji kuambiwa, masikio yalitosha. Mbele yake kulikuwa na karatasi ya mtu wake wa mchezo, soksi yenye punje, na kitabu, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia. Nikatoa bahasha. Nikafunua ukurasa, mikunjo minne, taratibu, huku nimeugeuzia kwangu ili picha isionekane. Wakashika kalamu.

"Unataka silaha gani wewe?" nikamwuliza yule msichana.

"Mkuki, bibi. Nimeungoja tangu darasa la tano."

Nikavaa miwani. Najua nilichokuwa nafanya, sitasingizia uzee wala msiba. Yule mwanamke wa wino alikuwa ananiangalia kutoka kwenye karatasi, mguu mbele, nami nikagonga mstari kwa ukucha, nikamtazama mtoto yule usoni, nikasema kwa sauti ya kiranja: "Kitabu kinasema mtu mwanamke haruhusiwi mkuki. Anaruhusiwa silaha za nyumbani."

Niliyasikia yakitoka mdomoni mwangu, matamu kabisa, nikasubiri uso wake uanguke kama wangu ulivyoanguka. Haukuanguka. Nikatazama wengine. Kalamu saba zilikuwa juu ya karatasi saba, na hakuna aliyeandika hata herufi.

"Mbona hamwandiki?"

Wakatazamana. Yule msichana akajibu kwa adabu, mikono nyuma.

"Tunangoja, bibi. Babu alisema ukija utausoma mara mbili, na sisi tuandike ile ya pili."

"Mshenzi wewe, Elibariki!" nikasema, kwa sauti, mpaka kwenye maturubai wakageuka. Nikavua miwani, nikaifuta kwa kitenge, nikaifuta tena. Kisha nikampa yule msichana upande mmoja wa ukurasa aushike, nikashika mwingine, nikaanza juu kabisa.